Mwongozo kamili: Kusasisha XScreenSaver kwenye laptop ya zamani bila kujifungia nje

Malalamiko ninayoletewa kuhusu XScreenSaver ni ya aina mbili. Kuna anayesema, "Nimesasisha, lakini bado inaniambia toleo langu ni la zamani." Na kuna anayesema, "Nimesasisha, skrini ikajifunga, sasa nywila yangu inakataliwa na kazi zangu zote ziko ndani."

Wote wawili amri wamezipata. Walichokosa ni mpangilio. XScreenSaver hupamba skrini, lakini pia ndiyo inayofunga skrini na kuuliza nywila. Ukibadilisha kitasa cha mlango ukiwa umesimama nje na funguo ziko mezani, utalala nje. Fuata hatua hizi kwa namba zake, usiruke hata moja.

Mfano wangu ni IBM ThinkPad T42 ya mwaka 2004, prosesa ya Pentium M, yenye Debian 12 (mfumo wa Linux) na mazingira ya kazi ya Xfce. Kama yako ni mashine nyingine ya umri huo yenye Debian au mfumo uliozaliwa na Debian, amri ni zilezile.

## Andaa haya kwanza

- Chaja inayofanya kazi. Betri ya laptop ya miaka 20 haiaminiki, na umeme ukikatika katikati ya usakinishaji utabaki na programu nusu.
- Nafasi ya angalau GB 2 kwenye diski. Angalia kwa `df -h /`.
- Bando la kutosha. Ukifuata njia ya kukompaili, yaani kujenga programu mwenyewe kutoka faili la chanzo, pakeji za kujengea zinaweza kufika mamia ya megabaiti. Kabla ya kupakua, apt (programu ya Debian ya kusakinisha pakeji) hukuonyesha ukubwa na kukuuliza. Soma hiyo namba kabla ya kubonyeza Y.
- Nywila yako na uwezo wa kutumia `sudo`, yaani kutoa amri kwa mamlaka ya msimamizi.
- Kipande cha karatasi chenye amri za hatua ya 8. Skrini ikiwa imefungwa hutaweza kuusoma mwongozo huu kwenye mashine hiyohiyo.

## Hatua ya 1: Rekebisha saa ya mashine

Najua unashangaa saa inahusiana nini na skrinseva. Kwenye kompyuta za zamani hiki ndicho chanzo cha nusu ya matatizo ninayoyaona.

Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo inayotunza saa wakati mashine imezimwa. Kwenye kompyuta ya mezani kwa kawaida ni CR2032, ile ya duara kama sarafu, imekaa kwenye kiota chake kwenye ubao. Kwenye laptop nyingi ni betri hiyohiyo iliyofungwa plastiki, ina waya mbili na plagi ndogo. Ikifa, kila ukiondoa chaja tarehe inarudi miaka mingi nyuma.

Tarehe ikiwa nyuma, apt inakataa ghala la pakeji kwa kusema faili la Release "is not valid yet", yaani tarehe yake haijafika. Ukikompaili, `make` inalalamika "Clock skew detected" na inaweza kuacha sehemu bila kuzijenga. Kibaya zaidi, XScreenSaver hutumia tarehe ya mashine kupima umri wake yenyewe, kwa hiyo saa mbovu inakupa habari mbovu.

Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, na uandike:

`date`

Kama si sahihi, weka tarehe na saa ya sasa (hii hapa ni mfano tu), kisha ihifadhi kwenye ubao:

`sudo date -s "2026-03-15 14:30"`

`sudo hwclock --systohc`

Angalizo: mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, haijui saa ya Kiswahili. Saa nane na nusu mchana unaandika 14:30. Nimeshaona mtu anaandika 08:30 na kushangaa mbona apt bado inagoma.

Umefanikiwa ukiona: `date` inatoa siku na saa ya leo, hata baada ya kuzima mashine, kuchomoa chaja na betri kubwa kwa dakika tano, na kuwasha tena. Ikirudi nyuma, nunua betri mpya ya saa kabla ya kuendelea. Haina gharama kubwa.

## Hatua ya 2: Jua ni toleo gani linalofanya kazi sasa hivi

Hapa ndipo kundi la kwanza la walalamikaji linapokwama. Programu iliyopo kwenye diski na programu iliyopo kwenye kumbukumbu ya mashine ni vitu viwili. Unaweza kuweka toleo jipya kwenye diski huku la zamani likiendelea kulinda skrini, kwa sababu liliwashwa asubuhi na hakuna aliyelizima.

Kwanza hakikisha unatumia X11, mfumo wa kuonyesha madirisha ambao XScreenSaver inaulinda:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Jibu liwe `x11`. Kwenye Xfce na LXDE za Debian 12 ndivyo ilivyo. Kama ni `wayland`, mfumo mwingine wa madirisha, ishia hapa, mwongozo huu haukuhusu.

Kisha uliza kilichopo kwenye diski:

`dpkg -l | grep xscreensaver`

Na kinachofanya kazi:

`xscreensaver-command -version`

Amri hii ya pili inaongea na XScreenSaver iliyowashwa na kukupa namba ya hiyo. Ziandike namba zote mbili kwenye karatasi yako. Kama hazifanani, tatizo lako huenda ni dogo tu: nenda hatua ya 4, kisha ruka hadi ya 6.

## Hatua ya 3: Chagua njia yako

Kuna njia mbili. Uamuzi unategemea Debian uliyonayo, basi.

Debian 11 ina XScreenSaver 5.45, Debian 12 ina 6.06. Tofauti ya 5 na 6 si ya namba tu. Kuanzia toleo la 6.00 la mwaka 2021 programu iligawanywa: sehemu moja ndogo inalinda skrini, nyingine (`xscreensaver-gfx`) inachora, na nyingine (`xscreensaver-auth`) inapokea nywila. Faida yake ni kwamba mchoro ukianguka, na kwenye kadi za picha za zamani huanguka, mlinzi anabaki amesimama. Kama bado uko kwenye 5, una sababu nzuri ya kuhama.

Njia A, kwa apt. Kama una Debian 12 na 6.06 inakutosha, tumia hii. Kwa watu wengi ndiyo ninayoishauri, na ni kazi ya dakika chache.

Njia B, kukompaili. Pentium M ni ya biti 32, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi wala kerneli ya mashine hizo. Maana yake laptop yako imefika kituo cha mwisho kwenye Debian 12, na ghala lake limesimama kwenye 6.06. Ukitaka jipya zaidi ya hapo, ulijenge mwenyewe.

Onyo: usichukue mstari wa ghala la Debian mpya ukaubandika kwenye Debian ya zamani ili upate pakeji moja tu. Pakeji hiyo itamvuta libc6 mpya (maktaba ya msingi ya mfumo), libc6 atavuta wengine, na utaishia na mfumo ambao si wa zamani wala si mpya. Kama uko Debian 11 au chini yake, pandisha mfumo mzima kwanza.

## Hatua ya 4: Zima iliyopo na weka nakala za akiba

Zima kabla ya kubadilisha chochote, maana sasa hivi amri na mlinzi wake ni wa toleo moja na wanaelewana:

`xscreensaver-command -exit`

Kisha hifadhi faili mbili. La kwanza ni la mipangilio yako, la pili ni linaloiambia XScreenSaver jinsi ya kuhakiki nywila:

`mv ~/.xscreensaver ~/.xscreensaver.zamani`

`sudo cp /etc/pam.d/xscreensaver ~/pam-xscreensaver.zamani`

Kwenye amri ya kwanza nimetumia `mv`, si `cp`, kwa makusudi. Nataka toleo jipya liandike faili lake safi, bila mabaki ya miaka kumi iliyopita. Ukihitaji muda wa kusubiri uliokuwa umeuweka, utausoma kwenye lile la zamani.

Hilo la pili ndilo la thamani. Ukipoteza faili hilo la PAM (mfumo wa Linux wa kuhakiki nywila), hakuna nywila itakayokubaliwa, hata iwe sahihi vipi.

## Hatua ya 5A: Kusasisha kwa apt

`sudo apt update`

`sudo apt install xscreensaver xscreensaver-data`

Ipo pia pakeji ya `xscreensaver-gl`, yenye michoro ya 3D. Kwenye mashine ya zamani iache kwanza, sababu iko hatua ya 9.

Apt ikiuliza kama ibadilishe faili la mipangilio, jibu N, yaani baki na lililopo. Kisha nenda hatua ya 6.

## Hatua ya 5B: Kukompaili

Pakua faili la chanzo kutoka jwz.org/xscreensaver, tovuti ya mtunzi wake, Jamie Zawinski. Usichukue kwingine, hii ni programu utakayoikabidhi nywila yako. Hapa natumia 6.08 kama mfano, wewe weka namba ya faili ulilopakua.

Leta vifaa vya kujengea. Amri hii inahitaji mistari ya `deb-src` iwepo kwenye `/etc/apt/sources.list`:

`sudo apt build-dep xscreensaver`

Kama apt inasema huna mistari hiyo, fungua faili, nakili kila mstari unaoanza na `deb`, na kwenye nakala badilisha neno la kwanza liwe `deb-src`. Kisha `sudo apt update` na urudie.

Fungua faili ulilopakua na uingie ndani:

`tar -xzf xscreensaver-6.08.tar.gz`

`cd xscreensaver-6.08`

`./configure --prefix=/usr`

Sasa tulia. `configure` inamwaga mamia ya mistari, na watu wengi wakishaona imemaliza wanakimbilia amri inayofuata. Mwishoni kuna maonyo, na ndiyo yanayoamua kama utaweza kufungua skrini yako. Pandisha juu taratibu na utafute neno PAM. Kama inasema haikuipata, usiendelee:

`sudo apt install libpam0g-dev`

Kisha rudia `./configure`. Onyo kuhusu maktaba ya picha au ya 3D unaweza kulivumilia. La PAM usilivumilie kabisa.

Ikitulia, jenga:

`make`

Wazoefu wa mashine mpya huandika `make -j4` ili kazi iende kwa mafungu manne. Pentium M ina kiini kimoja. Ukiwa na MB 512 za RAM, mafungu manne yataijaza kumbukumbu, diski itaanza kusaga, na kazi itachukua muda mrefu kuliko ambavyo ingechukua moja moja. Andika `make` tu, weka laptop mahali pagumu penye hewa, si juu ya godoro, ukafanye shughuli nyingine.

Umefanikiwa ukiona: `make` inamaliza na kurudisha alama ya amri bila mstari wenye `Error` mwishoni.

Ni sasa tu, baada ya `make` kumaliza salama, ndipo unaondoa pakeji za zamani. Ungeziondoa mapema na ujenzi ukashindikana, ungebaki na mashine isiyoweza kujifunga. Fanya jaribio kwanza:

`sudo apt remove -s 'xscreensaver*'`

Herufi `-s` inaonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu. Soma orodha. Kama kuna pakeji ya mazingira yako ya kazi humo ndani, simama uelewe kwa nini. Orodha ikiwa safi, rudia bila `-s`. Tumia `remove`, usitumie `purge`, kwa sababu `purge` inafuta na lile faili la PAM.

Halafu:

`sudo make install`

`sudo apt-mark hold xscreensaver`

`sudo` kwenye mstari wa kwanza si mazoea tu: `xscreensaver-auth` inahitaji kusakinishwa kwa mamlaka ya root (msimamizi) ili iweze kuhakiki nywila. Mstari wa pili unaizuia apt isije siku moja kukurudishia 6.06 juu ya kazi yako.

Folda ya chanzo usiifute. Ukitaka kuondoa ulichosakinisha, utaingia humo na kuandika `sudo make uninstall`.

## Hatua ya 6: Ondoa mlinzi wa pili

Xfce, LXDE na MATE huja na wafungaji skrini wao: `light-locker`, `xfce4-screensaver`, `mate-screensaver`. Wawili wakilinda mlango mmoja, utafungua huyu na mwingine atakufungia, au skrini itabaki nyeusi.

`ps aux | grep -E 'locker|screensaver'`

Ukimuona mwingine, mwondoe. Mfano:

`sudo apt remove light-locker`

Kwenye Xfce, fungua pia mipangilio ya umeme na uzime sehemu ya kuzima skrini. XScreenSaver inafanya kazi hiyo yenyewe.

## Hatua ya 7: Washa na uhakiki

`xscreensaver &`

`xscreensaver-command -version`

Linganisha na karatasi yako. Hapa namba mpya ndiyo lazima ionekane.

Ili iwake kila unapoingia, tengeneza faili `~/.config/autostart/xscreensaver.desktop` lenye mistari hii:

`[Desktop Entry]`
`Type=Application`
`Name=XScreenSaver`
`Exec=xscreensaver`

## Hatua ya 8: Jaribu kufunga ukiwa na mlango wa nyuma

Usifunge skrini kabla ya kuandaa njia ya kutokea.

Hifadhi kazi zako zote. Bonyeza Ctrl+Alt+F2. Utaona skrini nyeusi yenye maandishi, inakuuliza jina. Ingia kwa jina na nywila yako, na uache imeingia hivyohivyo. Kisha rudi kwenye picha kwa Ctrl+Alt+F7. Kwenye mashine nyingine ni F1.

Sasa funga:

`xscreensaver-command -lock`

Gusa kitufe, sanduku la nywila litokee. Andika nywila ya uongo kwanza. Lazima ikatae. Halafu andika ya kweli.

Umefanikiwa ukiona: ya uongo imekataliwa, ya kweli imekubaliwa, na madirisha yako yako kama ulivyoyaacha.

Ikiikataa ya kweli, angalia Caps Lock. Bado? Rudi Ctrl+Alt+F2 na uandike:

`pkill xscreensaver`

Rudi kwenye picha, skrini iko wazi. Linganisha faili la PAM na nakala yako:

`diff /etc/pam.d/xscreensaver ~/pam-xscreensaver.zamani`

Kwenye Debian faili hili, ukiacha maelezo, lina mistari miwili tu: `@include common-auth` na `@include common-account`. Kama lako limebadilika au limetoweka, rudisha nakala:

`sudo cp ~/pam-xscreensaver.zamani /etc/pam.d/xscreensaver`

Washa upya, jaribu tena. Kama faili liko sawa na bado inakataa, na ulifuata njia B, basi ulilipita onyo la `configure`. Rudi 5B.

Jaribio likishafaulu, rudi Ctrl+Alt+F2 na uandike `exit`. Usilisahau hili. Ukiuacha mlango ule wazi, yeyote atakayekaa kwenye kiti chako atafanya kama ulivyofanya wewe: `pkill`, na yuko ndani.

## Hatua ya 9: Chagua michoro inayoiweza mashine yako

Fungua `xscreensaver-settings`. Kwa mwanzo programu imepangwa ichague yoyote bila mpangilio, na kwa laptop ya 2004 hilo si jema. Angalia nani anachora 3D:

`sudo apt install mesa-utils`

`glxinfo | grep renderer`

Ukiona `llvmpipe` au `softpipe`, kadi yako ya picha haifanyi kazi hiyo, prosesa ndiyo inabebeshwa. Hali hii iliwakuta wengi baada ya Mesa 22 (programu ya Linux ya kuchora 3D) ya mwaka 2022 kuondoa madreva ya kadi za zamani, ikiwemo Radeon 7500 iliyomo kwenye baadhi ya T42. Matokeo yake umeondoka mezani ili mashine ipumzike, na yenyewe inachemka kuliko ulipokuwa unafanya kazi. Utasikia feni kabla hujafika mlangoni.

Kwa mashine ya namna hiyo, chagua mode ya skrini nyeusi tupu. Ukitaka mchoro, `deco`, `squiral` na `xmatrix` havitumii 3D; chagua kimoja tu na uweke mode ya skrinseva moja. Muda wa kusubiri nauweka dakika 10, na kufunga skrini nakuwasha.

Mchoro mmoja uondolee alama kama kompyuta inatumiwa na watu wengi, ofisini au shuleni: `bsod`. Unaigiza skrini za kompyuta iliyokufa, za mifumo mbalimbali, na unaigiza vizuri mno. Mtu asiyeujua atashikilia kitufe cha kuwashia hadi mashine izimike, na kazi ya mwenzake ambayo haijahifadhiwa ikapotea.